Ncha Mbili za Shuka

Katika kitabu nilichoandika kumaliza lisansi yangu, shahada ya chuo kikuu, kuna kurasa arobaini juu ya ugomvi kazini: unavyoanza, unavyokua, unavyotulizwa. Walimu wangu wa Lubumbashi walinipa alama kubwa, na mmoja aliniomba nakala abaki nayo. Ndani ya kurasa zile hakuna hata mstari mmoja juu ya Mzee wa Buanderi. Hilo ni kosa, na kwa kuwa mimi si mtu wa kukosea mara nyingi, nalisahihisha hapa kwa mkono wangu mwenyewe.

Buanderi ni mahali pa kufulia nguo za hospitali. Yetu, hapa Kindu, ilikuwa banda la matofali nyuma ya chumba cha upasuaji: mapipa mawili ya kuchemshia, hodhi la saruji la kusuuzia, na kamba kumi na moja za kuanikia. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake. Kuanzia daktari mkuu hadi wagonjwa, wote walimwita Mzee wa Buanderi, na leo nikiulizwa jina alilopewa na wazazi wake itabidi nikalitafute kwenye faili. Faili ninazo mimi. Ndimi administrateri, mkuu wa utawala, wa hospitali ile ile, mimi niliyeingia humo kwa mlango wa nyuma kama mfuaji, na beseni kichwani. Nilitoka Kindu na nguo mbili, nikapika mikate ya mafuta na kupiga pasi nguo za watu huku nasoma, nikarudi na diploma. Iko ukutani mwa biro yangu, yaani ofisi, mahali ambapo mtu akikaa lazima aione.

Mzee alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na vidole vilivyokunjamana daima kama vya mtu aliyetoka mtoni sasa hivi. Kofia yake ilikuwa nyeupe kupita shuka zote tulizofua. Siku ya Ijumaa alivaa kanzu, na kanzu hiyo ilikuwa na doa la mawese kifuani, doa pana la rangi ya machungwa lililokaa pale miaka na miaka. Nilimwuliza siku moja inakuwaje mtu anayeondoa damu, iodini na usaha ashindwe na mawese.

"Sijashindwa," alijibu. "Ile ni ya kwangu. Ya hospitali njo ya kwanza."

Madoa aliyajua kama mimi ninavyojua sheria za kazi, yaani vizuri sana. Asubuhi alipanga shuka chafu kwa mafungu bila kuuliza zimetoka chumba gani, kisha akatusomea habari: aliyelala hapa amepona, huyu bado ana homa, huyu watoto wake wanamletea mboga ya sombe iliyo nzuri kuliko ya hospitali. Mfuaji mpya akiharakisha na kutaka kutia shuka ya damu kwenye pipa la moto, alimshika mkono. Damu inataka maji baridi. Ukiipeleka motoni kwanza inaiva, inakaa humo mpaka shuka ichanike. Alituambia jambo hilo kuliko lingine lolote, nami nikiwa na miaka ishirini, na mikono yenye nguvu kupita ya wafuaji wote, niliona mtu anaweza kupunguza maneno juu ya maji.

Lakini watu hawakumfuata kwa sababu ya madoa. Hospitali ni nyumba ya ugomvi. Watu wanasimama saa nyingi, wanaona vifo, wanavumilia vilio vya jamaa za wagonjwa, kisha wanagombana juu ya kiti. Daktari mkuu wa wakati ule alikuwa na dawa moja tu, barua ya maelezo. Umechelewa, barua. Umemjibu mwenzako vibaya, barua, nawe ujibu kwa maandishi. Faili zilinenepa, na ugomvi ukanenepa nazo. Mwishowe alichoka. Wawili wakimjia na vinywa wazi, alionyesha kwa kalamu dirisha la nyuma. "Nendeni buanderi."

Nakumbuka wauguzi wawili wa chumba cha watoto, akina mama wote wawili, walioingia kwetu wakiwa hawatazamani.

"Mzee, huyu amesalimia watu wote kwenye koridoo," alisema wa kwanza. "Amesalimia hata sentineli wa langoni, na sentineli iko nalala. Mimi akaniruka."

"Nilikuruka juu ya nini? Sema ile ulinisema juzi mbele ya wagonjwa, Mzee asikie."

"Nilisema nini? Nilisema kweli."

"Usiniletee mwanzo," Mzee alisema. "Niletee shuka."

Akawapa shuka nzito iliyotoka kwenye hodhi, kila mmoja ncha yake. Ninawaeleza wasiowahi kufua kwa mikono: shuka kubwa ya pamba huwezi kuikamua peke yako. Wanasimama watu wawili, wanaangaliana, na kila mmoja anasokota kuelekea kuume kwake. Kwa kuwa wameangaliana, kuume kwa huyu ni kushoto kwa yule, na hapo ndipo shuka inapojisokota na kutoa maji. Wageni walikosea daima, na walikosea kwa njia moja. Walitaka kuelewana.

"Tuzungushe upande wa mlango," alisema wa kwanza.

"Haya, upande wa mlango."

Wakazungusha wote upande wa mlango. Shuka ikageuka hewani nzima nzima, haikutoa tone. Mzee aliwaacha muda wa kutosha sisi wengine tumalize kucheka.

"Munakubaliana sana," alisema. "Maji iko inacheka. Kila mutu ashike kuume yake, na asiachie."

Sharti la buanderi lilikuwa hilo tu. Atakayeachia kwanza, shuka inaanguka kwenye matope, na wote wawili wanaifua upya, aliyeachia na asiyeachia. Hakuuliza nani alianza, wala hakuwapa mikono washikane. Mfanyakazi mmoja wa kanisa alimwambia wakati fulani kwamba kazi yake ni nzuri, kazi ya kupatanisha. Mzee alikasirika kama ametukanwa.

"Mimi sipatanishi mutu. Niko na shuka nyingi na wafuaji wanne. Wakipatana, ni shauri yao. Nataka shuka ikauke."

Wale mama wawili walikamua shuka kumi na nne siku ile. Sikuwaona wakicheka pamoja mpaka nilipoondoka Kindu, lakini chumba cha watoto hakikukosa tena dawa ya saa sita kwa sababu huyu hamwambii yule kwamba bado haijatolewa.

Mtu akidhani alikuwa mpole, anakosea. Alikuwa dikteta wa vibanio vya nguo. Alivijua kwa idadi na kwa sura, na kikipotea kimoja kazi ilisimama. Kiti chake kilikuwa ndoo iliyopinduliwa, na aliyeisogeza alisemwa mpaka jioni. Tena alipenda umbea kuliko mtu yeyote niliyemjua katika mitaa ya Mikelenge au Kasuku. Habari za hospitali zilipita buanderi kabla ya kufika kwa wenyewe. Mimi nilijua nitasifiwa na daktari wiki nzima kabla daktari hajanisifu, na alinisifu kweli, mbele ya watu.

Umbea wake huo ulimwokoa mtu, na hapo ndipo ninapoifikia vita.

Wakati ule mji ulikuwa umefungwa. Gari la moshi halikuja, porini hakuendeki, na watu wenye bunduki waliokuwa mjini waliogopa watu wenye bunduki waliokuwa msituni. Sisi tuliokuwa katikati tuliwaogopa wote. Sabuni ilikwisha kwanza. Mzee alianza kutengeneza yake, ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi, vibonge vyeusi vyenye harufu ya jiko ambavyo viliuma mikono lakini vilisafisha. Nina kovu la sabuni ile kwenye kiganja na ninalionyesha kwa fahari kama diploma.

Katika siku zile, muuguzi mmoja wa chumba cha wazazi aligombana na fundi wa maabara. Fundi alikuwa amemshtaki kwa daktari kwamba anachelewa. Kwa hasira, mama yule akasema pembeni kwamba fundi anavuka mto kwenda Alunguli kuwapelekea chakula watu wa msituni. Alilisema mara moja tu, kwa mtu mmoja. Lakini neno kama hilo, likifika kwa wenye bunduki asubuhi, saa sita mtu hayupo. Mzee alilisikia kwenye kamba za nguo, kwa mtu wa tatu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaacha shuka ndani ya maji na kuondoka.

Alirudi nao wote wawili. Akawapa mablanketi, ambayo yakilowa ni mazito kama ng'ombe. Hakuwaambia kitu. Fundi hakujua lolote, alifikiri ameitwa kwa habari ya kuchelewa. Kwenye blanketi la saba mama yule alianza kulia bila kuachia ncha yake.

"Ni mimi njo nilisema ile neno."

"Sikukuuliza," Mzee alisema. "Zungusha."

"Neno gani?" fundi aliuliza.

Mama akamwambia. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona rangi ya uso wa fundi inabadilika. Vidole vyake vilifunguka. Blanketi likashuka kidogo. Kisha akakaza, akakaza mpaka maji yakaturukia sote. Wakamaliza mablanketi yote.

Ila neno lilikuwa limeshatoka, na hakuna blanketi la kulirudisha. Mzee alikung'uta kofia yake, akaenda kwa kinyozi, akapita sokoni, akamaliza kwenye uwanja wa msikiti. Kila mahali alisema jambo lile lile kwa kunong'ona, akiomba wasimwambie mtu: fundi wa maabara anavuka mto kwenda kwa mjane mmoja wa Alunguli. Mjane huyo hakuwapo. Kabla jua halijashuka mji mzima ulikuwa unacheka, habari ya msituni imekufa, na mke wa fundi amemfungia mume wake mlango.

Fundi alikuja kesho yake na macho mekundu. "Mzee, umeniharibia nyumba."

"Ndiyo. Nyumba iko, na wewe uko. Hamia kwa dada yako wiki moja."

Ikawa miezi mitatu. Leo fundi yule ana wajukuu. Miaka yote alimletea Mzee kuku kila Idi, na mke wake, ambaye alielezwa ukweli baadaye lakini hakuuamini wote, alimletea jicho.

Sasa niseme jambo ambalo lilinisumbua zamani, na ambalo katika kitabu changu ningeliita udhaifu mkubwa wa mfumo. Mtu huyu aliyewaweka wengine wote kwenye shuka alikuwa na ugomvi wake, na hakuna aliyemweka yeye. Hakuwa anasemeshana na Mama wa Jikoni.

Mama wa Jikoni alikuwa mpishi mkuu, mwanamke mrefu wa sauti ya kupitia kuta. Jiko lake liliangaliana na buanderi, hatua ishirini za uwanja kati yao. Wakati wa vita watu wenye bunduki walichukua pipa letu moja, na siku hiyo hiyo upasuaji ulikuwa na majeruhi wengi. Mzee, bila kuomba, alichukua sufuria kubwa ya jikoni, ile ya wali wa wagonjwa, akachemshia shuka za upasuaji. Mama wa Jikoni aliikuta motoni. Hakumfuata ndani. Alisimama katikati ya uwanja, wafanyakazi wote wakisikia.

"Njooni muone mutu safi wa Kindu. Anapika damu kwenye sufuria ya wali."

Alikuwa na haki. Mzee alijua kwamba ana haki, na hilo ndilo lililomwuma. Aliisugua sufuria ile siku mbili mfululizo mpaka ikang'aa kama kioo cha kinyozi, akairudisha mlangoni mwa jiko, hakuomba msamaha. Naye hakusamehe. Tangu hapo walipishana uwanjani kama watu wa miji miwili.

Na bado, kila asubuhi tulipofungua buanderi, mlangoni palikuwa na kopo la majivu ya maganda ya ndizi, yamechekechwa, hayana hata kipande cha mkaa. Bila majivu yale hapakuwa na sabuni, na bila sabuni hapakuwa na upasuaji. Na kila Jumamosi mlangoni mwa jiko palikuwa na vitambaa vya kukamatia sufuria, vimefuliwa, vimekunjwa mara nne. Nilimwuliza Mzee nani analeta majivu.

"Sijui," alisema. "Mutu fulani anayejua kuchekecha."

Niliona ni utoto wa wazee wawili. Nikaondoka Kindu nikiamini hivyo, nikasoma, nikaandika kurasa zangu arobaini, nikashinda. Niliporudi, Mzee na Mama wa Jikoni walikuwa wamestaafu wote, na mimi nikapewa biro yenye feni.

Sitaficha kwamba nilileta mageuzi. Nilileta kompyuta, nikatengeneza horari, yaani ratiba ya zamu, iliyopigwa chapa, yenye mistari iliyonyooka, kila muuguzi na idadi ile ile ya zamu na mwenzake. Nikaibandika ukutani. Tatizo ni kwamba ukuta ulikuwa na mwenyewe. Direkta wa wauguzi, mwanaume wa makamo na mwenye heshima zake, alikuwa ameandika horari ile kwa mkono miaka mingi, kwa wino wa kijani. Nilibandua yake. Kesho yake nikaikuta imerudi, kando ya yangu.

"Direkta, horari ni kazi ya utawala," nilimwambia.

"Wauguzi ni wa kwangu, Mama Administrateri. Ukuta tunaweza kugawana."

"Tutagawana vipi ukuta? Mtu atafuata ipi?"

"Atafuata ile anaelewa."

Nikamwandikia barua ya maelezo. Akanijibu kwa kurasa sita, za kijani. Nikamwandikia nyingine. Ikafika tukawa hatusalimiani kwenye koridoo, mimi mwenye diploma ya mambo hayo hayo, naye nikimwona anageuka kusoma tangazo la chanjo alilolijua kwa kichwa.

Asubuhi moja wauguzi watatu walikuja kazini chumba cha watoto, wawili kwa horari yangu na mmoja kwa yake, na chumba cha wazazi hakikuwa na mtu. Mwanamke akajifungua pale mikononi mwa mama wa usafi, ambaye kwa bahati alikuwa amezaa watoto saba na hakuhitaji horari. Mama mzima, mtoto mzima, na mtoto akapewa jina la mama wa usafi. Tulicheka, lakini daktari mkuu hakucheka. Alituita.

"Jumamosi ya wiki ijayo nataka horari moja, sahihi mbili," alisema. "Isipokuwepo, mmoja wenu atapanda pikipiki kwenda kufanya kazi mbali, Lubutu. Nitamchagua mwenyewe, na sitaandika barua."

Mimi siogopi kazi ya Lubutu. Lakini niliondoka mji huu kwa mguu, nikarudi kwa ndege na koti, watu wakinipokea. Kuondoka tena nimefungwa nyuma ya pikipiki, hapana. Jumapili nikaenda Mikelenge kumtafuta Mzee.

Nilimkuta uani kwake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amepungua, lakini kofia ilikuwa nyeupe vile vile. Mbele yake palikuwa na beseni na shuka ya kitanda chake mwenyewe.

"Eee, Mama Administrateri. Nasikia uko na feni."

"Ninayo, Mzee."

"Na nasikia mama wa usafi amekuwa mukunga."

Umbea ulikuwa bado mzima. Nikamweleza yote, kutoka mwanzo, na yeye alinyoosha mkono akanipa ncha ya shuka.

"Nimekuja uzungumze naye, Baba. Yeye anakuheshimu. Ukimwita hapa, ukituweka wote wawili..."

"Shika."

Nikashika. Alisimama upande wa pili, tukaangaliana, tukaanza kusokota, kila mmoja kuume kwake. Nami nikaendelea kusema. Nilimwambia kwamba direkta anawapendelea watu wake, kwamba wale wale wanapata Jumapili, kwamba wino wa kijani si wino wa serikali, kwamba mimi nimesoma na yeye hajasoma nilichosoma. Nilisokota kwa kila neno. Nilisema hapo mwanzo kwamba mikono yangu ilikuwa na nguvu kupita ya wafuaji wote, bado ninayo. Nikavuta neno la mwisho, na shuka ikatoka mikononi mwa Mzee, ikaruka, ikaanguka kwenye udongo mbele yangu.

Katika miaka yangu yote ya buanderi sikuwahi kuachia shuka, na sikuachia hata siku ile. Ncha yangu nilikuwa nayo mkononi.

"Umeshinda," Mzee alisema. Alikuwa anahema na anacheka. "Nguvu uko nayo, mwanangu. Sasa angalia shuka."

Niliiangalia. Ilikuwa imekwisha, imekuwa rangi ya uwanja.

"Yeye, huyo direkta," aliuliza huku anakaa, "horari yake inajua nini ambayo ya kwako haijui?"

Sikutaka kujibu, nikajibu. Ilijua nani anatoka Alunguli na hawezi kuvuka mto kabla ukungu haujaondoka. Ilijua nani ananyonyesha, na nani ana mume mgonjwa.

"Na ya kwako?"

"Yangu inajua kuhesabu Jumapili."

"Basi. Kila mutu kuume yake."

"Utakuja kuzungumza naye?"

"Sitakuja. Sitaki mupatane." Akanisukumia beseni. "Tunafua tena. Wewe na mimi. Sharti umelisahau?"

Nikafua, na blauzi yangu ya Jumapili ikalowa mpaka viwiko. Wakati wa kumwaga maji niliona kopo nyuma ya mlango, limejaa majivu yaliyochekechwa vizuri kabisa. Mzee hakuwa ametengeneza sabuni tangu alipostaafu. Nilimtazama, naye akatazama kuku.

Jumatatu nilichapa horari mpya. Nilipanga zamu zote na Jumapili zote kwa idadi sawa, na mahali pa majina nikaacha wazi. Sikuandika barua. Nilifika kazini kabla ya kila mtu, nikaiweka mlangoni mwa biro ya direkta, nikaondoka. Jumatano niliikuta mlangoni mwangu. Nafasi zote zilikuwa zimejazwa kwa kijani, na hakuna mtu aliyekuwa na Jumapili zaidi ya mwenzake. Nilihesabu mara mbili. Chini palikuwa na sahihi moja na nafasi ya nyingine. Nikatia sahihi. Wiki hiyo hakuna aliyekwenda Lubutu, na Alhamisi direkta alipishana nami kwenye koridoo akasoma tangazo la chanjo kama kawaida. Mimi nikasoma la unawaji mikono.

Jumapili iliyofuata nilirudi Mikelenge kumpa Mzee habari, ingawa nilijua anazo, na nilimpelekea kipande cha sabuni nzuri ya dukani. Nilipokaribia ua wake nilisikia maji yanadondoka. Mzee alikuwa amesimama ameshika ncha ya blanketi. Ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa mwanamke mrefu, mzee kama yeye, kitambaa kichwani. Mama wa Jikoni. Walikuwa wanaangaliana, wanasokota, hawasemi neno.

Nilisimama pale na furaha imenijaa. Kurasa arobaini, na jambo lenyewe lilikuwa hapa.

"Mumepatana," nilisema.

"Na nani?" Mama wa Jikoni aliuliza.

Mzee hakugeuza kichwa. "Mwanangu, umwambie ule mama akaze. Upande wake iko na maji."

Nilimtazama Mama wa Jikoni. Alikuwa hatua nne tu kutoka kwa Mzee.

"Mama," nilisema, "Mzee anasema ukaze."

"Umwambie nimesikia," alijibu, akakaza.